Daftari la Mchezaji: Sataranji, Bao na Kumbukumbu ya Mapambano

Mhadhara wa umma kwa walimu, wazazi na vijana wa wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera

 

Nimeombwa nizungumzie namna ya kukuza uwezo katika sataranji. Vijana huniuliza swali moja kila mara: nimecheza mwaka mzima, mbona sipandi? Jibu langu ni kwamba kucheza tu hakumpandishi mtu. Anayepanda ni yule anayeandika mapambano yake, akayarudia akiwa ametulia, akajua aliteleza wapi. Nitalitetea jambo hili kwa historia, kwa utafiti, na kwa pambano moja ambalo kila mwanafunzi wangu hulipitia hatua kwa hatua.

Mchezo huu ulianzia India, ukapita Uajemi, ukapokelewa na Waarabu, na ni Waarabu walioufanya kuwa elimu ya vitabuni. Katika karne ya 9 al-Adli aliandika kitabu juu yake. Baada yake akaja as-Suli, mcheza sataranji wa ikulu ya Baghdad, aliyefariki Basra karibu mwaka 946. Malkia wa zama zile alikuwa kete dhaifu, akisogea chumba kimoja tu kwa mshazari. As-Suli alitunga fumbo lenye kete chache mno, akaliita almasi yake, akajigamba kwamba hakuna awezaye kulifumbua ila yeye na wale aliowafundisha. Fumbo likakaa zaidi ya miaka elfu moja. Katika miaka ya 1980 ndipo Yuri Averbakh, bingwa wa Umoja wa Kisovieti, alipopata jibu lake. Fikirini jambo hilo. Mtu wa Basra na mtu wa Moscow, wametenganishwa na miaka elfu, wameinamia ubao mmoja, kwa sababu tu kuna aliyeshika kalamu.

Sasa tuje kwenye utafiti. Mwaka 1946 Mholanzi Adriaan de Groot alichapisha kazi yake juu ya fikra za wachezaji. Alikuwa amewapa mabingwa na wachezaji wa kawaida hali ileile ya ubaoni, akawataka wafikiri kwa sauti. Wengi wangetegemea kwamba bingwa huona hatua nyingi zaidi mbele. De Groot hakukuta tofauti kubwa hapo. Tofauti ilikuwa kwamba bingwa alizitazama hatua zinazofaa tangu mwanzo, na akionyeshwa ubao kwa sekunde chache aliweza kuupanga upya karibu wote. Mwaka 1973 Wamarekani William Chase na Herbert Simon wakaongeza jaribio: walizitawanya kete ovyo, bila mpangilio wa mchezo wa kweli. Hapo bingwa akakumbuka karibu sawa na anayeanza. Kwa hiyo alichokuwa nacho bingwa ni hazina ya sura za mchezo alizokwisha kuzikuta, si akili ya kuzaliwa ya kukumbuka kila kitu. Na mwaka 2005 Neil Charness na wenzake waliwachunguza wachezaji wengi wa mashindano, wakaona kwamba saa ambazo mtu amejifunza kwa dhati akiwa peke yake zinaashiria kiwango chake vizuri kuliko mambo mengine waliyoyapima.

Ndiyo maana nahuzunika nikimwona kijana anacheza michezo ya dakika tatu kwenye simu usiku kucha. Anafungwa kwa namna ileile, anabonyeza kitufe, anaanza mwingine. Hakuna sura inayoingia hazinani.

Pambano nililolitaja ni la Paris, mwaka 1858. Paul Morphy, kijana wa New Orleans, alicheza ndani ya jumba la opera dhidi ya watu wawili walioshauriana, Duke Karl wa Brunswick na Count Isouard. Lilimalizika kwa hatua 17. Vijana hulipenda kwa sababu Morphy alimtoa malkia wake aliwe katika hatua ya 16, na katika ile iliyofuata ngome ikamfunga mfalme. Lakini mimi huwasimamisha kwenye hatua ya 8. Hapo malkia wa Morphy alikuwa na uwezo wa kumla askari bure katika chumba cha b7. Hakumla. Kama angemla, wapinzani wangemtishia mfalme wake na kumlazimisha kubadilishana malkia, na mashambulizi yangepoa. Alichofanya ni kumtoa farasi wake wa pili, kete iliyokuwa bado imelala nyumbani.

Hapo ndipo mkakati na mbinu vinapokutana. Mbinu ni lile pigo la hatua mbili tatu: farasi anayeshambulia kete mbili kwa mpigo, askofu anayeibana kete isiweze kuondoka kwa kuwa nyuma yake kuna mfalme. Mkakati ni kuziweka kete mahali ambapo pigo litapatikana. Pambano lilipokwisha, askofu mmoja wa wapinzani na ngome yao moja havikuwa vimesogea hata chumba kimoja. Morphy alikuwa amezitumia ngome zake zote mbili: ya kwanza alijitolea iliwe katika d7, ya pili ikaingia mahali pake mara moja. Kijana akiliandika pambano hili kwa mkono wake, akajiuliza katika kila hatua ni kete ipi bado imelala, atakuwa amejifunza kuliko katika michezo hamsini ya haraka.

Juu ya mkakati Mfaransa Philidor aliandika mapema zaidi, mwaka 1749, akiwatukuza askari ambao wenzake waliwadharau. Na tukumbuke kwamba askari harudi nyuma. Ninyi wakulima wa kahawa mnalielewa hilo: mbuni uliopandwa mahali pabaya utakusumbua miaka mingi, na askari aliyesogezwa kwa haraka anaacha nyuma yake shimo ambalo hakuna askari mwingine wa kulilinda.

Napendekeza mwanafunzi ayapitie mapambano ya kale kwa kufuata miaka yake: kwanza mashambulizi ya Morphy, kisha Wilhelm Steinitz, bingwa wa kwanza wa dunia aliyetambuliwa rasmi, mwaka 1886, aliyetufundisha kwamba ulinzi mzuri huvunja shambulizi lisilo na msingi, kisha Nimzowitsch na kitabu chake cha mkakati cha 1925. Naamini mchezaji mmoja hukua kwa kufuata karibu njia ileile mchezo wenyewe uliyopitia. Anayeanza na ufunguzi wa kisasa aliouona kwenye simu huwa ameanzia darini.

Na tusidhani haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 2002, katika Olimpiadi ya sataranji huko Bled, Slovenia, Robert Gwaze wa Zimbabwe alicheza mapambano tisa katika ubao wa kwanza wa timu yake, akashinda yote tisa. Karibu zaidi, ukivuka daraja la Murongo kule mpakani na kushika njia ya Kampala, utafika Katwe. Pale Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa mtaa wa mabanda mwaka 2004. Mwaka uliofuata akaja Phiona Mutesi, mtoto aliyekuwa akiuza mahindi. Aliyemfundisha kete zinavyotembea alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 Phiona alikuwa kwenye Olimpiadi huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na baada ya Olimpiadi ya Istanbul ya 2012 akapewa cheo rasmi na FIDE, shirikisho la dunia. Walimu, naomba mlizingatie hilo la msichana mdogo. Mtoto anayelazimika kumweleza mwenzake kwa nini hatua fulani ni mbaya anaielewa yeye kwanza.

Nimelibakiza jambo linaloniuma zaidi. Sisi tuna mchezo wetu wa akili, bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Waganda wana Omweso wao na Wanyarwanda wana Igisoro, nayo ina idadi ileile ya mashimo na kete kwa kanuni nyingine. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 mashimoni, sita kati yake zikiwa ndani ya shimo liitwalo nyumba, na kete 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingiza mchezoni moja moja kila zamu. Mahesabu ya hatua moja hapo yanaweza kumchosha bingwa wa sataranji. Lakini mapambano ya mafundi wetu yako wapi? Mtafiti Alexander de Voogt aliwafuata mabingwa wa Zanzibar na kuandika tasnifu juu yao katika Chuo Kikuu cha Leiden, mwaka 1995. Huku kwetu, fundi wa kijiji cha Kaisho au Bweranyange akifariki, kila alichokijua kinazikwa naye.

Kuandika bao si kazi ngumu. Kila mchezaji ana mashimo 16. Yape namba 1 hadi 8 safu ya mbele, 9 hadi 16 safu ya nyuma. Andika kanuni mlizokubaliana na kete zilivyopangwa mwanzoni. Kisha kwa kila zamu andika namba ya shimo ulikoanzia, upande uliosambazia, kushoto au kulia, na pale kanuni zinapokupa hiari ya kusimama au kuendelea ukifika kwenye nyumba, andika ulichochagua. Kwa kuwa usambazaji hauna bahati nasibu, atakayelisoma daftari hilo miaka mia ijayo atalirudia pambano kete kwa kete. Naziomba shule za sekondari za wilaya hizi mbili ziwatume wanafunzi wawili wawili likizo ijayo, wakae na wazee wanaocheza, mmoja atazame mikono na mwenzake aandike, na kila pambano liwe na tarehe, kijiji, na majina ya waliocheza.