MLANGO WA MOTO USIWEKEWE JIWE
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wajumbe wa idara)

Twawashukuru hasa ninyi wa zamu ya usiku mliokuja kabla ya kwenda kulala. Halmashauri ilituomba tuwaeleze habari ya milango ya moto, na baadhi yenu mmecheka mkasema mlango ni mlango tu. Basi tusikilizeni kidogo.

Milango hii ni ya namna mbili, na watu huichanganya. Kuna mlango wa kutokea, ambao kazi yake ni kutupitisha nje. Tena kuna mlango wa kuzuia moto, ambao kazi yake ni kujifunga wenyewe na kuushikilia moto na moshi upande mmoja, kwa dakika 30 au 60 kwa jinsi ulivyotengenezwa, ili watu wapate kushuka. Mlango wa ngazi mara nyingi una kazi zote mbili. Mlango wa kutokea huharibiwa na kufuli, na mlango wa kuzuia moto huharibiwa na jiwe. Kufuli huwekwa na tajiri. Jiwe, tuseme kweli, twaliweka sisi.

Sababu twaijua. Chumba cha pasi kina joto, mikono imebeba marobota, na mlango ule mzito hurudi ukakupiga kisigino. Lakini moshi haungoji moto. Hutangulia, na ukikuta mlango wa ngazi u wazi hupanda kama katika bomba la jiko, na wa juu hawaoni pa kukanyaga. Huko London, jengo la Grenfell liliungua tarehe 14 Juni 2017, wakafa watu 72. Ukuta wa nje ndio uliopeleka moto juu, lakini uchunguzi ulionyesha kwamba milango mingi ya nyumba haikujifunga, moshi ukajaa katika njia na ngazi. Mlango mmoja wa jengo lile ulipimwa baadaye: ulitakiwa kustahimili dakika 30, ukastahimili 15 tu. Kwa macho ulikuwa mlango mzuri.

Kwa hiyo kuukagua si kuutazama kwa mbali. Ufungue wote, uuachie. Yapasa urudi wenyewe mpaka ulimi wa kitasa uingie mahali pake. Kisha ufungue kidogo tu, upana wa kiganja, uuachie tena. Hapo ndipo milango mingi hushindwa. Tazama ule mkono wa chuma wa juu: mafuta yakichuruzika mlangoni, umekwisha. Hesabu bawaba, kwa kawaida tatu, na skurubu zote ziwemo. Halafu nafasi kati ya mlango na miimo, pande mbili na juu, isipite milimita 3 au 4. Kama huna kipimo, shikanisha kadi nne za benki, unene wake ni milimita 3 hivi. Zikipita na nafasi ikabaki, andika. Katika mwimo au ukingo wa mlango utaona utepe. Ukipata moto huvimba ukaziba nafasi ile. Ukiwa umeng'oka, andika. Kioo kilichovunjika na kuzibwa kwa ubao mwembamba, andika. Tundu alilotoboa fundi wa umeme apitishe waya, hilo andika kwa wino mwekundu, maana fundi hukwenda zake na tundu likabaki.

Sasa kufuli. Tarehe 25 Machi 1911, huko New York, kiwanda cha blauzi cha Triangle kiliungua, wakafa wafanyakazi 146, wengi wao wasichana. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo, kwa kuwa wenye kiwanda walitaka kila mtu atokee upande mmoja, mfuko wake upekuliwe. Walishtakiwa, wakaachiliwa. Na hapa kwetu Machakos, Machi 2001, shule ya Kyanguli, wavulana 67 walikufa: mlango mmoja wa bweni ulikuwa na kufuli, madirisha yana vyuma.

Ninyi mwaujua mlango wa nyuma wa chumba cha cherehani. Usiku una kufuli, na ufunguo uko kwa askari wa lango. Mwezi uliopita tulimtuma kijana mwenye mbio akaufuate. Alirudi baada ya dakika 6, kwa kuwa askari alikuwa upande wa pili akizunguka. Tulipomweleza msimamizi, alijibu kwamba vitambaa vinaibwa. Hatukatai, vitambaa huibwa. Lakini mlango waweza kutiwa chuma cha kusukuma kwa ndani na kengele inayolia ukifunguliwa. Mwizi atasikika, na mwenye kukimbia moto atapita.

Sheria iko nasi katika jambo hili. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zataka mlango wa kutokea uweze kufunguliwa upesi kutoka ndani wakati watu wamo. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yasema mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na halmashauri ya usalama, tena mfanyakazi asifukuzwe kwa sababu ameleta malalamiko ya usalama. Wale mnaoogopa kuandika majina yenu, shikeni neno hilo.

Barua ya kutaka kufuli liondolewe tumekwisha kuipeleka ofisini, na nakala tumemwekea mkaguzi wa serikali. Jibu likija tutalisoma hapa hapa. Wakati huu kila mjumbe achukue karatasi moja mezani, akague milango ya idara yake kabla ya zamu ya Ijumaa, aandike na saa aliyokagua. Na akikuta jiwe, aliondoe mwenyewe, asingoje mkutano.