Somo la Watu Wazima: Nguvu ya Kete

Fungueni madaftari yenu. Leo tutasoma habari za mchezo wa bao.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32. Kete 10 huzipanga ubaoni. 22 hubaki mkononi. Katika kila zamu hutoa moja tu. Kete anazokula huingia ubaoni, hazirudi mkononi. Basi nguvu ya mkono wake hupungua zamu kwa zamu.

Kila upande una shimo moja la mraba, liitwalo nyumba. Mwanzoni lina kete 6. Hiyo ndiyo akiba. Mchezaji akila, na kete ya mwisho ikaangukia humo, atachagua: alale, au azitoe zote azisambaze. Akizitoa aweza kumwumiza sana mwenziwe, lakini nyumba imekwisha, haijengwi tena. Akizikalia mno, mwenziwe aweza kuzila zote. Mstari wake wa mbele ukiwa mtupu, ameshindwa.

Ghala la mahindi ni vivyo hivyo. Mkulima auzaye magunia yote wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, huja kununua unga kwa bei ya juu. Asiyeuza hata moja hana fedha ya mbolea, na fukusi humla.

Swali: Una magunia 10. Watu wa nyumbani hula 6 mpaka mavuno mengine. Utauza mangapi? Andikeni jibu na sababu yake.