Mninga Wetu na Umbila wa Jirani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Litapunga)



Nimeombwa niseme machache juu ya biashara ya mbao ngumu. Watu wa Litapunga hawahitaji kuelezwa mninga ni nini. Wengi wetu tumelala juu ya vitanda vya mninga tangu utoto. Lakini ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa ndugu zetu wa Msumbiji, mti huo huo huitwa umbila, na mkongo wetu huitwa chanfuta. Miombo ni ile ile, ila serikali ni mbili. Basi tuwatazame ndugu wawili waliorithi shamba moja, tuone kila mmoja amelitunzaje.

Gogo haliendi mbali bila njia. Sisi wa Mpanda tunalijua hilo tangu reli ilipotufikia kutoka Kaliua. Huko kusini mwa nchi yetu, njia ilifunguka mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilipokamilika juu ya Mto Rufiji. Wanunuzi wakamiminika, na magogo mengi yakasafirishwa kwenda China. Mwaka 2004 Serikali ilichukua hatua za kuzuia magogo yasiyopasuliwa yasiuzwe nje. Hata hivyo, uchunguzi wa shirika la TRAFFIC, uliotolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba mapato ya mbao yaliyopotea yalifikia asilimia 96. Tena, kwa mwaka 2005, mbao za Tanzania zilizoandikwa kuingia China zilikuwa mara kumi ya zile tulizoandika kuwa zimetoka kwetu.

Msumbiji vita viliisha mwaka 1992, na baada ya hapo misitu nayo ikaanza kufikika. Yaliyotupata sisi yakawapata na wao. Mwaka 2012 China iliandika kupokea kutoka kwao meta za ujazo zipatazo 450,000, hali Msumbiji yenyewe ilikuwa imeandika kuuza dunia nzima 260,000 hivi. Marufuku ya kuuza magogo ya aina zote nje ya nchi ilianza Januari 2017.

Ndugu zangu, mmoja alishtuka mapema na mwingine alichelewa, lakini ugonjwa ni mmoja. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria peke yake haizuii gogo. Anayelizuia ni mtu aliyesimama msituni na futi ya kupimia, akaandika alichokiona, wala asikubali kufumbishwa macho kwa noti.

Mfano mwema upo, tena kwetu. Kilwa, mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata hati ya FSC kwa misitu yao ya asili. Wanakijiji walihesabu miti yao kwanza, ndipo wakauza, na fedha zikabaki kijijini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliyowawezesha wao inatuhusu na sisi.

Nanyi vijana, jambo hili ni lenu kuliko letu. Mninga huchukua miaka 75 hadi 100 kufikia kimo cha kuvunwa. Ukiangushwa leo, badala yake hataiona hata mdogo wenu. Na tangu mkutano wa CITES uliofanyika Panama mwaka 2022, mninga na mkongo vimo katika orodha ya miti ambayo nchi haiwezi kuiuza nje bila kuthibitisha kwamba uvunaji hauimalizi. Uthibitisho huo hautoki mbinguni. Unahitaji watu wanaojua hesabu.

Basi msiidharau hesabu ya darasani. Kanuni ile ya ujazo wa mcheduara ndiyo inayopima gogo. Asiyeijua atapimiwa na mnunuzi.