Vyama vya Wanafunzi Wakati wa Masika



Mvua za masika zianzapo, barua hutufikia kutoka kwa wana wetu walio katika shule za bweni: wataka fedha kidogo za chama cha michezo ya kuigiza, au cha kutunza wanyama. Wazee wengine huuliza kama mtoto alipelekwa kusoma au kucheza. Swali hili si la kudharauliwa, maana karo ni nzito.

Lakini na tutazame. Huko Kikuyu, katika shule ya Alliance iliyofunguliwa mwaka 1926, wanafunzi walizoea kuigiza michezo ya Shakespeare siku za Carey Francis, mwalimu mkuu tangu 1940 hadi 1962. Ngũgĩ wa Thiong'o alisoma hapo miaka hiyo, naye baadaye akatunga michezo yake mwenyewe. (Hatusemi kila aigizaye atakuwa mwandishi!) Tena mwaka 1968 ni wanafunzi wa Kenya walioanzisha vyama vya kuhifadhi wanyama pori, navyo vyadumu hata leo. Masika ndiyo majira yao ya kupanda miche, udongo ukiwa laini.

Litusikitishalo ni hili: basi la shule liendapo ziwa la Nakuru kutazama ndege, mtoto wa mjane hubaki bwenini. Kwa hiyo twaomba sehemu ya mfuko wa elimu itengwe kwa watoto kama huyo, na kila tawi lituletee majina yao kabla ya muhula kwisha.