Saa za Huduma ni Amana

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi na vijana wazungumzao Kiswahili katika jimbo la Maryland, Marekani)





Tumeombwa tuseme machache juu ya jambo ambalo wazazi wengi hulisikia wakati mlango u karibu kufungwa, nalo ni saa za huduma kwa jamii ambazo kijana hana budi kuzitimiza ili ahitimu shule ya sekondari.

Maryland ndilo jimbo la kwanza nchini Marekani kuifanya huduma hiyo kuwa sharti la kuhitimu. Uamuzi ulipitishwa mwaka 1992, na wa kwanza kuguswa nao ni waliohitimu mwaka 1997. Kiwango cha jimbo ni saa 75, ingawa wilaya zimeruhusiwa kuwa na mpango wao uliokubaliwa na jimbo. Ndugu zetu walioko Ontario, Kanada, wana saa 40, sharti lililoanza na wanafunzi walioingia sekondari mwaka 1999. Basi kijana aweza kufaulu hesabu na sayansi kwa alama za juu, na bado akakosa cheti kwa saa chache zilizopungua.

Kwa nini wazazi tunaghafilika? Sisi tuliosoma Tanzania chini ya siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, tulilima shamba la shule, tukachota maji na kufyeka nyasi. Mwalimu ndiye aliyepanga na ndiye aliyesimamia. Huku, sehemu ya saa hizo yaweza kupatikana darasani, lakini mara nyingi zinazobaki kijana huzitafuta mwenyewe, msimamizi akazitilia sahihi, na karatasi ikafikishwa shuleni kabla ya muda kwisha.

Ndugu zetu, hapa ndipo penye mtihani. Mzazi mmoja alitujia na karatasi siku chache kabla ya mahafali ya mwanawe. Akasema, "Masheikh wetu, tieni sahihi tu. Mtoto huyu mnamjua, ni mtoto wa msikitini." Kweli tulimjua, na tulimpenda. Lakini saa zilizoandikwa pale hakuzifanya. Tukakataa, na mzazi akaondoka amenuna. Kijana alizimaliza saa zake kiangazi, na cheti chake kikachelewa.

Hata hivyo, lawama hatukuweza kumwachia mzazi peke yake. Mwaka ule mzima tulikuwa tukipika chakula cha wahitaji, na kijana yule mara kadhaa alibeba masufuria pamoja nasi. Hakuna aliyeandika siku wala saa. Sahihi tulimnyima kwa haki. Msaada tulikuwa tumekwisha kumnyima kwa uzembe.

Sahihi ni ushahidi, na ushahidi wa uongo umehesabiwa miongoni mwa madhambi makubwa. Tukitia sahihi ya uongo, tutakuwa tumempa kijana cheti na kumfundisha kughushi, tena ndani ya nyumba ya Mungu.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu.

Kwanza, kila msikiti uwe na daftari la huduma na msimamizi mmoja anayejulikana. Saa ziandikwe siku ile ile zilipofanywa.

Pili, tujue kinachokubalika. Kufundisha Kurani ni amali tukufu, lakini shule za serikali haziihesabu, kwani huduma inayotakiwa isiwe ya kueneza dini. Kulisha wahitaji, kumsaidia mtoto hesabu za shule, kuokota taka kando ya mto, hayo huingia. Kazi ya mshahara haimo, wala kuosha vyombo nyumbani kwa mama. Na mshauri wa shule aulizwe kabla ya kazi, si baada yake.

Tatu, tuanze mapema. Akianza darasa la sita, saa 75 hazifikii 11 kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Wako wasemao kwamba huduma ya kulazimishwa si huduma. Familia za Bethlehem, Pennsylvania, zilipeleka hoja hiyo mahakamani, na mwaka 1993 mahakama ya rufaa ikaikataa. Sisi tuna jibu letu. Swala nayo mtoto huianza kwa kuamrishwa; utamu wake huuonja baadaye. Jimbo hili limetaka huduma iwe na maandalizi, utendaji na tafakuri. Mwislamu anavijua vitu hivyo: ni nia, amali na kujihesabu nafsi. Kijana akifundishwa hivyo, saa ya 76 ataifanya bila kuulizwa na mtu.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu kuwa wenye manufaa kwa watu, na atujaalie sisi kuwa mashahidi wa kweli juu yao. Amin.