Sigara Haitulizi Akili
Hotuba kwa wakazi wa kata za Mbulu na Hanang



Tangu matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh tarehe 3 Desemba 2023, suala la afya ya akili halihitaji tena utetezi miongoni mwetu. Wapo wasiolala, na wapo wanaoshtuka mvua inapoanza kunyesha. Mtu wa namna hiyo huambiwa, "Vuta sigara utulie." Ushauri huo una huruma, lakini haumsaidii.

Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na mvutaji huona nafuu. Ikipungua mwilini, huja wasiwasi na hasira. Sigara inayofuata huondoa tabu iliyoletwa na ile iliyotangulia. Msiba uko palepale. Uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa Uingereza mwaka 2014 ulionyesha kuwa walioacha kuvuta walipungukiwa na wasiwasi na sonona kuliko walioendelea.

Ubongo hutumia takriban asilimia 20 ya oksijeni ya mwili, nao una mafuta mengi. Moshi huingiza chembe kali zinazoyala mafuta hayo kama kutu ilavyo jembe lililoachwa mvuani. Dalili za uharibifu wa aina hii zimeonekana kwa wagonjwa wa sonona na skizofrenia. Sisemi kwamba kila mvutaji atarukwa na akili. Tunao wazee waliovuta kiko miaka mingi, na baraza bado huwategemea.

Linalonisumbua zaidi ni mgonjwa aliye kwenye dawa. Moshi hulifanya ini livunje baadhi ya dawa za akili, kama olanzapini, upesi kuliko kawaida. Ndugu humpa mgonjwa sigara ili asisumbue, kumbe anaipunguza dawa nguvu. Tena mgonjwa huyo akiacha kuvuta ghafla, kipimo kilekile chaweza kumzidi, akalala mno au akapepesuka. Asiache dawa kwa uamuzi wake. Mhudumu aambiwe, naye atapima upya. Ugoro hauna moshi, hivyo hauivunji dawa kwa njia hiyo, ingawa nikotini yake humfunga mtu vilevile.

Anzieni zahanati ya kijiji. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom nayo hupokea wagonjwa wa akili. Mkifika, tajeni bila aibu idadi ya sigara kwa siku, hata kama ni misokoto ya tumbaku ya nyumbani.