Kompyuta Haina Ngwe

(Hotuba iliyotolewa na mwenzetu mmoja katika mkutano wa wanafunzi wa zamani. Tunaichapa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya kompyuta, na namna ya kuifanya bila kuuchosha mwili na kuivuruga akili. Nilipopata barua ya Katibu nilicheka. Wenzangu mnanikumbuka: nilikuwa hodari wa jembe kuliko wa hesabu. Lakini baadaye nilifikiri, nikaona Katibu hakukosea. Yale niliyokuja kujifunza juu ya kompyuta kwa taabu kubwa, shamba la shule lilikwisha kunifundisha bure.

Mnakumbuka siku za shamba? Mwalimu wa zamu alipita na kamba, akapima, akakata: hii ngwe yako, ile ya jirani yako. Ukifika mwisho wa ngwe unanyoosha mgongo, unaegemea mpini, unatazama vilima vya mbali, unakunywa maji kwenye kibuyu. Hakuna aliyekuita mvivu, kwa sababu mwisho wa ngwe ulionekana kwa macho. Mkulima wa mahindi au maharage hapa kwetu analima hivyo hivyo mpaka leo, na ndiyo maana ana nguvu ya kurudi kesho.

Wadogo zangu, neno langu la leo ni hilo moja tu: kompyuta haina ngwe. Ukikaa mbele yake hakuna mahali inapokwisha. Ukimaliza ukurasa, mwingine unajifungua. Ukijibu barua moja, tatu zimeingia. Mashine haichoki, haisikii njaa, haijui kwamba jua limetua. Asiyejipimia ngwe mwenyewe, kompyuta itamlimisha mpaka aanguke.

Sisi wa rika langu hatukuandaliwa kwa jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, haikutoa matunda yaliyotarajiwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo kibali maalum. Kwa hiyo tulimaliza shule hii bila hata mmoja wetu kuiona. Mimi nilianza kazi kama karani mpiga chapa, kwa taipureta. Sasa iangalieni taipureta. Kila mwisho wa mstari kengele inalia, mkono unasukuma kichwa cha mashine kirudi mwanzo. Kila mwisho wa ukurasa unachomoa karatasi, unapanga kaboni, unaingiza nyingine. Macho yanainuka, mabega yanashuka. Hatukujua kwamba tunapumzika, lakini tulikuwa tunapumzika. Taipureta ilikuwa na ngwe.

Kompyuta ilipokuja, tulipelekwa kwenye mafunzo ya wiki mbili. Tulifundishwa vibonyezo. Hatukufundishwa kukaa, wala kutazama, wala kuacha.

Ndugu zangu, nitawaeleza matokeo yake, ingawa habari yenyewe si ya sifa kwangu. Mtakumbuka kwamba mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi walianza kuvuka mpaka kwa maelfu. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ikafurika. Nduta, Wilaya ya Kibondo, ikafunguliwa tena, na Januari 2016 ikafunguliwa Mtendeli, Wilaya ya Kakonko. Mimi niliajiriwa kambini Mtendeli na shirika moja, nikiwa karani wa kuingiza majina kwenye kompyuta. Tulifanya kazi hemani, kwa umeme wa jenereta, tangu asubuhi mpaka usiku. Nilijivuna kwamba mimi huwa siinuki. Wenzangu wakienda kula, mimi nilibaki na orodha yangu. Macho yaliwasha kama yametiwa mchanga, shingo ilikuwa ngumu kama gogo, na nyumbani nilikuwa naamka saa nane za usiku nikihesabu mistari.

Ilikuwa mwezi wa Julai, na wote mnajua baridi ya nyanda zetu mwezi wa Julai. Siku ya mgao wa blanketi alikuja mama mmoja mtu mzima, akasimama mbele ya meza yangu. Alisema kwa Kirundi, lugha ambayo sisi Waha tunaisikia bila mkalimani: "Mwanangu, andiko lako limewavua blanketi watoto wangu watano." Nilimjibu bila kuinua macho kwenye kioo: "Mama, kompyuta haikosei. Anayefuata!" Alinitazama, akaondoka.

Usiku wa siku ya pili ndipo nilipoligundua kosa. Nilikuwa nimeruka mstari mmoja. Safu ya majina ilikaa mahali pake, lakini safu ya idadi ya watu ilisogea chini hatua moja, na kila kaya baada ya hapo ilipewa idadi ya jirani yake. Yule mama mwenye watu saba alisomeka kuwa na watu wawili. Kwa kweli kompyuta haikukosea. Ilishika sawasawa lile nililoiambia. Aliyekosea ni mtu aliyekaa saa kumi na moja bila kuinuka, akidhani huko ndiko kufanya kazi kwa bidii.

Tulisahihisha orodha, nikazichukua blanketi tano mwenyewe mpaka kwenye banda lake. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Yule mama alizipokea, akanitazama tena, akaniuliza: "Na wewe, leo umekula?" Sikuwa nimekula. Watoto wake walikuwa wamelala siku mbili katika baridi, na yeye ndiye aliyeona kwamba mimi ni mgonjwa. Kambi ile ilifungwa mwaka 2021, na wakimbizi waliokuwapo wakahamishiwa Nduta. Banda lake halipo tena, lakini swali lake ninalo.

Tangu siku hiyo nilianza kujipimia ngwe. Nitazitaja desturi zangu moja moja, nazo hazihitaji fedha.

La kwanza, kabla hujawasha mashine, andika kwenye karatasi kazi tatu za siku hiyo. Tatu, si kumi na tatu. Kisha lima kila moja kwa vipande vya nusu saa hivi, na baada ya kila kipande simama dakika tano. Kijana mmoja wa Italia, Francesco Cirillo, alipokuwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980 alijipimia dakika 25 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, na hata leo watu wengi duniani hufuata mtindo wake na kuuita pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitalia. Sisi hatuna haja ya nyanya. Saa ya mkononi inatosha.

La pili, kila mwisho wa ngwe hifadhi kazi yako, na mwisho wa siku iweke nakala yake mahali pengine, kama kwenye flashi. Nusu ya wasiwasi wa mtu wa kompyuta ni hofu ya kupoteza alichofanya. Sisi tuliofanya kazi Kibondo na Kasulu tukitegemea jenereta, kabla gridi ya Taifa haijafika mwaka 2022, tunaijua hofu hiyo. Na hata sasa umeme hukatika. Aliyehifadhi huenda kunywa chai taa zikizimika; asiyehifadhi hushika kichwa.

La tatu ni macho. Mtu hupepesa macho mara kama 15 kwa dakika, lakini akikazia kioo hupepesa mara chache sana, na jicho linakauka. Wataalamu wa macho hushauri hivi: kila dakika 20, tazama kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20. Hapa shuleni mna mwembe nje ya dirisha. Utazameni mwembe.

La nne ni mwili. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa karibu kilo 5, sawa na dumu la lita tano lililojaa maji. Ukikiinamisha mbele, shingo ndiyo inayoning'iniza dumu hilo mchana kutwa. Basi inua kioo kwa vitabu au hata kwa tofali, mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho. Kiwe mbali nawe kwa urefu wa mkono. Nyayo zikanyage chini, viwiko vikae karibu na mbavu, mabega yashuke. Na ukisimama, usisimame ukitazama simu. Tembea mpaka kwenye mtungi wa maji na kurudi.

La tano ni pumzi. Mashine ikikwama, angalieni wenyewe: mtu huzuia pumzi, hukaza meno, hubonyeza kwa hasira mara ishirini. Mwili wake umedhani kuna chui. Moyo unapiga mbio, misuli inakaza tayari kukimbia, lakini hakuna pa kukimbilia, na nguvu ile yote inabaki ndani inamchoma. Dawa yake ni kuondoa mikono kwenye vibonyezo, kuvuta pumzi taratibu kwa pua, na kuitoa polepole zaidi kuliko ulivyoivuta, mara tano au sita. Moyo utatulia. Mashine nayo mara nyingi inakuwa imemaliza kufikiri.

La sita ni kelele. Simu ikilia kila dakika, huwezi kumaliza ngwe. Ni sawa na mkulima anayeitwa kando ya shamba kila akiinua jembe. Zima milio. Jipangie saa za kusoma ujumbe, tuseme asubuhi, mchana na kabla ya kufunga. Huko Ufaransa, tangu Januari 2017 sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutosumbuliwa na ujumbe wa kazi baada ya saa za kazi. Wenzangu mlio wakuu wa ofisi, msingoje sheria. Mkituma ujumbe saa nne usiku, mtu wa chini yenu hawezi kulala.

La saba, na kwangu ndilo kubwa: mtu akija mezani, ondoa macho kwenye kioo kabla hujafungua kinywa. Mwamkie. Mgeuzie kiti. Hii si adabu tu, ni dawa pia, maana macho yamepumzika, shingo imegeuka, na umekumbuka kwamba kila mstari ulio mbele yako ni mtu.

La nane, funga. Jioni andika mahali ulipoishia, ili kazi ibaki ofisini na isikufuate kitandani. Walau saa moja kabla ya kulala weka kioo kando, kwa sababu mwanga wake huchelewesha usingizi. Na ukiona wiki zinapita hulali, huli, unawafokea watoto kwa jambo dogo, nenda kamwone mganga hospitali. Malaria huionei aibu. Na hili usilionee aibu.

Ndugu Mwenyekiti, najua wapo watakaosema: huyu amekuja kuwafundisha vijana uvivu. Sivyo. Mimi nasema watu walime. Leo mwalimu hujaza taarifa za utendaji wake katika PEPMIS, hospitali nyingi za Serikali huandika wagonjwa katika GoT-HoMIS, na kijana anayetafuta kazi huomba kwa mtandao. Kompyuta imekuwa jembe la nchi, na hatuwezi kulikimbia. Lakini hakuna mzee hata mmoja wa Buha aliyemsifu mkulima kwa sababu hakuwahi kunyoosha mgongo. Alisifiwa aliyefika mwisho wa ngwe na mistari yake imenyooka. Mistari yangu haikunyooka, na watoto watano wakalala na baridi. Bidii isiyo na pumziko ilinifanya mkali kwa watu na mzembe kwa kazi, vyote viwili kwa siku moja.

Mwisho, nina ombi. Asubuhi nilitembezwa kwenye chumba cha kompyuta, nikafurahi kuwaona vijana wanajifunza jambo ambalo sisi hatukulipata. Lakini niliwakuta wamekaa kipindi kizima na cha pili, migongo imepinda kama pinde, na hakuna aliyeinua uso nilipopiga hodi. Nje, chini ya mti, nimeiona ile rimu ya gari iliyotuamsha miaka yote, sasa inaning'inia bila kazi kubwa. Napendekeza ihamishiwe karibu na chumba kile, na kiranja wa zamu aigonge kila nusu saa. Ikilia, wote wahifadhi kazi, wasimame, watoke nje, wautazame mwembe, kisha warudi.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.